Wataalamu wa maabara Mtwara na Lindi: jukwaa la tovuti au orodha ya barua pepe, ilhali kazini intaneti imebanwa?

Mteknolojia_Masasi aliuliza:

Habari za kazi, ndugu zangu. Mimi ni mteknolojia wa maabara katika hospitali moja ya wilaya mkoani Mtwara. Wenzangu wamenipa jukumu la kutafuta njia ya kutuunganisha sisi wataalamu wa maabara wa mikoa hii miwili, kuanzia hospitali za rufaa hadi zahanati zenye darubini moja tu, ili tuulizane na kujibizana mambo ya kazi.

Kwa sasa tunatumia kundi la WhatsApp, nalo limetufikisha mahali pagumu. Hivi karibuni mwenzetu aliuliza kuhusu mashine ya GeneXpert, ya kupimia kifua kikuu, iliyokuwa ikitoa kosa namba 5007 mfululizo kwenye sampuli za makohozi. Alijibiwa vizuri sana, kwa maelezo marefu kuhusu sampuli nzito ambayo haikuyeyuka ipasavyo na ujazo unaoingizwa kwenye katriji. Wiki chache baadaye mtumishi wa wilaya nyingine akapata kosa lile lile, na jibu la awali halikupatikana tena, kwa sababu lilikuwa limefunikwa na mamia ya salamu, taarifa za misiba na matangazo ya vikao. Aliyelitoa alikuwa masomoni, na sampuli zikaendelea kuharibika. Isitoshe, watu wanapiga picha fomu za maabara zenye majina ya wagonjwa na kuzirusha kundini bila kuyafunika, jambo linaloninyima usingizi.

Tumependekezewa njia mbili. Vijana wanataka tufungue jukwaa la majadiliano kwenye tovuti, lenye mada zilizopangwa na sehemu ya kutafuta. Wengine wanataka orodha ya barua pepe, yaani anwani moja ambayo ukiiandikia, kila mwanachama anapata nakala. Ugumu uko hapa: kwenye meza ya kazi hatutumii simu, na bando tunanunua kwa fedha zetu wenyewe. Kompyuta ya maabara imeunganishwa, lakini inafungua mfumo wa hospitali, mfumo wa taarifa za afya na barua pepe ya serikali tu. Tovuti nyingine zote zinagoma. Je, kwa hali hiyo tuchague lipi? Na je, ni halali na ni busara kuomba tufunguliwe?

TEHAMA_Lindi alijibu:

Dada au kaka wa Masasi, nakushukuru kwa kueleza hali ya kazini kabla ya kuulizia programu, maana wengi huanza na programu kisha wanagundua kwamba nusu ya wanachama hawawezi kuifikia.

Nianze na kufungwa kwa intaneti, kwa kuwa mimi ni miongoni mwa wanaofunga. Hospitali nyingi za huku zinagawana laini moja baina ya mapokezi, famasia, maabara na dirisha la malipo. Kompyuta kumi zikifungua video kwa wakati mmoja, mgonjwa aliye dirishani anasubiri, na kompyuta moja ikiokota kirusi kwenye tovuti ya ovyo, mfumo mzima wa kumbukumbu za wagonjwa unaingia hatarini. Kwa hiyo njia iliyo rahisi kwetu ni kuzuia kila kitu na kuruhusu orodha fupi ya anwani zinazojulikana. Hilo halifanywi kwa kuwadharau watumishi, ingawa naelewa kwamba anayezuiwa huliona hivyo, hasa asipopewa maelezo. Kuomba kufunguliwa ni halali kabisa, mradi ombi lipitie kwa mkuu wa maabara na mganga mfawidhi, litaje anwani moja iliyo wazi na lieleze kazi yake. Ombi la “tufungulieni intaneti” hukataliwa. Ombi la kuongeza anwani moja ya kitaaluma hujadiliwa.

Hata hivyo, kama ningekuwa nachagua leo kwa ajili ya watu wenye hali uliyoitaja, ningechagua orodha ya barua pepe. Sababu yangu ya kwanza ni kwamba barua pepe humfuata msomaji mahali ambapo tayari ameruhusiwa kuingia, wakati jukwaa humtaka msomaji alifuate. Mtumishi anayefungua barua pepe ya serikali asubuhi kuangalia nyaraka za ofisi ataukuta mjadala humo humo bila mlango mpya kufunguliwa. Sababu ya pili ni uzito. Ujumbe wa maandishi matupu ni kilobaiti chache tu, ilhali ukurasa mmoja wa jukwaa la kisasa, pamoja na picha na programu zinazouendesha, mara nyingi huvuka megabaiti moja kabla hujasoma sentensi ya kwanza. Kwa mtu wa Liwale au Nanyumbu anayetumia bando lake, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama atasoma au ataacha.

Sababu ya tatu ndiyo ninayoithamini kuliko zote. Barua pepe ilibuniwa kwa mitandao inayokatika. Seva ya mtumaji ikishindwa kuifikia ya mpokeaji, haitupi barua. Huiweka foleni na kujaribu tena na tena, na viwango vinavyoongoza usafirishaji wa barua pepe vinashauri iendelee kujaribu kwa siku nne au tano kabla ya kukata tamaa. Mnakumbuka Mei 2024: kimbunga Hidaya kilipita mwanzoni mwa mwezi, barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi ikakatika upande wa Somanga, kisha tarehe 12 nyaya za EASSy na Seacom zikakatika baharini na intaneti ya nchi nzima ikazorota. Siku kama hizo ukurasa wa tovuti haufunguki na mtu hana la kufanya. Barua pepe huchelewa, lakini hufika. Tena ukitumia programu kama Thunderbird, ambayo hushusha barua na kuzihifadhi kwenye kompyuta, unaweza kusoma na kuandika majibu ukiwa nje ya mtandao kabisa, nayo yakaondoka laini ikirudi.

Kitangari alijibu:

Nimemsoma ndugu wa TEHAMA kwa makini na sina ubishi kuhusu laini wala bando. Naomba tu tusiifanye hali mbovu ya leo kuwa kipimo pekee, kwa sababu kuna jambo moja ambalo barua pepe haiwezi kulifanya, na kwa kazi yetu jambo hilo ni zito.

Barua pepe ikishatumwa hairudi. Tuseme mtu amejibu swali la namna ya kuchanganya rangi ya Giemsa kwa ajili ya slaidi za malaria, na kwa haraka akaandika asilimia 3 kwa dakika 10, akiwa amechanganya njia mbili: ile ya asilimia 10 ambayo huchukua takribani dakika 10, na ile ya asilimia 3 ambayo huhitaji dakika 30 hadi 45. Katika orodha ya barua pepe kosa hilo sasa limekaa kwenye visanduku vya watu wote. Atatuma masahihisho, ndiyo, lakini masahihisho ni barua nyingine, na mtu atakayetafuta neno “Giemsa” miezi sita baadaye anaweza kuifungua ile ya kwanza na kuishia hapo. Matokeo yake ni slaidi isiyokolea rangi, vimelea visivyoonekana na mtoto anayerudishwa nyumbani na malaria yake. Kwenye jukwaa, msimamizi anafungua ujumbe ule ule, anausahihisha au anaweka onyo juu yake, na kila atakayefika baadaye anakuta kilicho sahihi.

La pili ni mwanachama mpya. Kila mwaka tunapokea waajiriwa wapya kutoka vyuoni, wengine wanapangiwa vituo ambavyo wao ndio wataalamu wa maabara peke yao. Akijiunga na orodha, kisanduku chake ni kitupu. Yaliyosemwa kabla yake hayamo. Akijiunga na jukwaa, anakuta yote tangu siku ya kwanza, yamepangwa kwa mada: darubini, damu salama, kifua kikuu, vitendanishi, udhibiti wa ubora.

Wala si sisi wa kwanza kufikiria hivi. Watumiaji wa DHIS2, mfumo ule ule ambao takwimu zetu za afya zinaingizwa humo, waliwahi kujadiliana kwa orodha za barua pepe, nao baadaye wakahamia kwenye jukwaa la tovuti. Wakati huo huo jukwaa la siku hizi halilazimishi kuachana na barua pepe. Programu ya Discourse, iliyotoka mwaka 2013 na ambayo ni huru kutumiwa bila malipo ya leseni, inaweza kupangwa ili kila ujumbe mpya umfikie mwanachama kwa barua pepe, na akijibu barua hiyo jibu lake liingie jukwaani. Aliyebanwa kazini atashiriki kwa barua pepe. Aliye na mtandao atasoma kwenye tovuti.

Mteknolojia_Masasi alijibu:

Nawashukuru wote wawili. Niongeze mambo machache ambayo huenda yakabadilisha ushauri wenu. Kompyuta yetu ya maabara inatumiwa na watu wa zamu zote. Wengi wa hospitali za wilaya tuna anwani za serikali, lakini wa zahanati wengi hawana, wanatumia anwani zao binafsi za Gmail kwenye simu. Na hakuna kati yetu anayeweza kuendesha seva. Huyo Discourse anahitaji nini, ndugu wa Kitangari?

Kitangari alijibu:

Anahitaji seva yenye kumbukumbu isiyopungua gigabaiti moja, jina la kikoa (yaani anwani ya tovuti), huduma ya kutuma barua pepe iliyosanidiwa vizuri, na mtu wa kusasisha programu mara kwa mara ili isidukuliwe. Nakiri kwamba hilo la mwisho ndilo gumu, na gharama ya kila mwezi lazima iwe na mwenye kuilipa anayejulikana kwa jina.

Bahari_Mikindani alijibu:

Wanangu, mimi nimestaafu usimamizi wa maabara, na nimefurahi kuona suala hili linajadiliwa kwa utulivu. Nitasema kuhusu mambo mawili ambayo naona hayajapewa uzito unaostahili: msimamizi, na mgonjwa.

Kuhusu msimamizi, tazameni ProMED. Ilianza mwaka 1994 kama orodha ya barua pepe ya kupeana taarifa za milipuko ya magonjwa. Taarifa za mwanzo za ugonjwa uliokuja kuitwa SARS zilipita humo Februari 2003, na tarehe 30 Desemba 2019 ndipo ilipotuma tangazo kuhusu homa ya mapafu isiyojulikana chanzo huko Wuhan. Teknolojia yake ilikuwa ya kawaida kabisa. Kilichoifanya iaminike ni kwamba kila taarifa ilisomwa na mhariri mwenye ujuzi wa fani husika kabla ya kutumwa, na mara nyingi mhariri aliongeza maoni yake chini. ProMED ilianza kwa msaada wa shirika la SatelLife, lililokuwa likiwapelekea madaktari wa Afrika barua pepe wakati ambapo intaneti haikuwapo katika hospitali nyingi. Lilitumia hata setilaiti ndogo, HealthSat-2, iliyorushwa mwaka 1993, ambayo ilipopita juu ya kituo ilipokea barua na kushusha zilizokuwa zikisubiri. Wenzetu wale walifanya kazi ya maana kwa maandishi matupu, na kwa mtandao uliopatikana kwa dakika chache tu kwa siku.

Kwa hiyo, ndugu wa Kitangari, hofu yako kuhusu kosa la Giemsa ni ya haki, lakini mimi ningeitibu mapema zaidi. Majibu ya kitaalamu yapitie kwa wasimamizi wawili au watatu kabla ya kusambazwa. Swali liende moja kwa moja, kwa maana swali halimdhuru mtu. Jibu linalotaja vipimo, dozi au muda lisubiri kusomwa. Likichelewa nusu siku, si hasara.

Kuhusu mgonjwa, hapa sitaki mzaha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya ya mtu miongoni mwa taarifa nyeti, na ina masharti kuhusu kuzipeleka nje ya nchi. Huduma nyingi za barua pepe na majukwaa tunayoyataja hapa huhifadhi data kwenye seva zilizo nje ya Tanzania. Jina la mgonjwa, namba ya faili, picha ya fomu, hata kijiji chake kikiambatana na umri na ugonjwa usio wa kawaida, visipite kwenye njia yoyote kati ya hizi. Mtu mwenye kifua kikuu sugu katika kijiji kidogo cha Nanjilinji au Chiwata anatambulika bila kutajwa jina. Kama mtu anataka kuuliza kuhusu slaidi, apige picha ya kile kinachoonekana kwenye darubini peke yake. Anayekiuka aondolewe, awe mkubwa au mdogo.

Na kama mtafungua jukwaa linaloonekana na umma, waulizeni kwanza Mamlaka ya Mawasiliano kuhusu leseni na wajibu wa mwenye jukwaa, kwa sababu kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizotungwa 2018 na kuandikwa upya 2020 zinawahusu watoa huduma za maudhui mtandaoni. Mjadala wenu uwe wa wanachama tu.

TEHAMA_Lindi alijibu:

Shikamoo Mzee wa Mikindani. Nakubaliana nawe kuhusu wasimamizi, na niseme kwamba programu za orodha za barua pepe zina uwezo huo tangu zamani. Mailman, kwa mfano, inaweza kuzuia ujumbe hadi msimamizi auidhinishe, na ina njia ya kukusanya barua za siku nzima ziwe moja, jambo litakalowasaidia wanaoogopa kisanduku kujaa. Google Groups nayo ina mambo hayo na haihitaji seva yenu, kwa hiyo kwa kundi lisilo na fundi ndiyo ningeanzia nayo.

Sasa matatizo ambayo mtakutana nayo, afadhali myajue mapema. Tangu mwaka 2014, Yahoo ilipokaza kanuni ya uthibitisho wa mtumaji inayoitwa DMARC, orodha za barua pepe duniani kote zilipata shida, kwa sababu barua inayotoka kwa mwanachama na kupitia kwenye orodha huonekana kana kwamba imeghushiwa. Mwaka 2024 Google na Yahoo zikakaza tena kwa wanaotuma barua nyingi. Dalili yake kwenu itakuwa hii: mwanachama mwenye anwani ya serikali anaandika, na wenye Gmail hawaioni, au wanaikuta kwenye barua taka. Dawa yake ni kuipanga orodha iandike anwani yake yenyewe kama mtumaji, jina la mwanachama likibaki kuonekana. Fanyeni jaribio kwa watu wachache wa anwani mbalimbali kabla ya kuwaalika wote.

Viambatisho vipigwe marufuku au viwekewe kikomo kidogo. Picha hukua kwa takribani theluthi moja inapogeuzwa kuwa barua pepe, hivyo picha ya megabaiti tatu inasafiri kama nne, mara idadi ya wanachama.

Kompyuta ya pamoja ni hatari iliyo karibu zaidi kuliko zote mlizozitaja. Ile Thunderbird niliyoisifu juu haifai hapo, kwa kuwa huacha barua zote kwenye kompyuta. Hapo tumieni kivinjari, kila mtu aingie kwa nenosiri lake na kutoka anapomaliza, kivinjari kisiruhusiwe kukumbuka nenosiri. Muombeni afisa TEHAMA wenu awawekee hivyo. Ni kazi ya dakika chache.

Limebaki lile la hazina ya majibu ya nyuma, ambalo ndugu wa Kitangari amelitetea vizuri na mimi sikulijibu. Hospitali nyingi zina mtandao wa ndani unaofanya kazi hata laini ya nje ikikatika. Wasimamizi wachague majibu yaliyothibitishwa, wayaandike upya kwa ufupi, kila moja na tarehe yake na jina la aliyelihakiki, kisha wayatume kama faili moja kila mwezi. Afisa TEHAMA wa kila hospitali aliweke faili hilo kwenye seva ya ndani, ambapo kompyuta ya maabara inaweza kulifungua bila intaneti. Likikutwa na kosa, toleo la mwezi unaofuata linalifuta lile la zamani. Mjadala ukae kwenye barua pepe, na maarifa yaliyohakikiwa yakae mahali ambapo hata kompyuta iliyobanwa inafika.

Nachingwea_Maabara alijibu:

Mimi niko kwenye kituo cha afya na ni mmoja wa hao wasio na anwani ya serikali. Naunga mkono hilo la faili la kila mwezi, ila sisi hatuna seva ya ndani. Tunaomba lichapwe na lije pamoja na msimamizi wa maabara wa wilaya anapofanya usimamizi shirikishi, libanwe ukutani karibu na taratibu za kazi. Pia nauliza: mtu akihamishwa kikazi au akiacha utumishi, anwani ya serikali inaweza kufungwa, ataendeleaje kuwa mwanachama?

TEHAMA_Lindi alijibu:

Ndugu wa Nachingwea, kila mwanachama mwenye anwani ya serikali aandikishwe kwa anwani mbili, ya kazini na ya binafsi, ya binafsi ikiwekwa kwenye hali ya kutopokea hadi atakapohitaji. Akihamishwa anamwandikia msimamizi, naye anabadilisha. Mambo rasmi ya ofisi, kama taarifa na maagizo ya vitendanishi Bohari ya Dawa, yabaki kwenye njia za serikali. Hapa ni maswali ya kitaaluma tu.

Mteknolojia_Masasi alijibu:

Nitapeleka kwenye kikao pendekezo la orodha ya barua pepe ya wanachama tu, yenye wasimamizi watatu: mmoja wa Mtwara, mmoja wa Lindi, na mmoja atakayehusika na udhibiti wa ubora peke yake. Jukwaa tutalitazama tena tukipata mtu wa kuliendesha na fedha ya kulilipia. Mzee wa Mikindani, naomba nikutaje kama mhakiki wa majibu ya hadubini kwa miezi ya mwanzo, iwapo afya na nafasi vitakuruhusu. Ndugu wa TEHAMA, naomba unisaidie rasimu ya barua kwa mganga mfawidhi kuhusu kivinjari cha kompyuta ya pamoja na nafasi kwenye seva ya ndani.

Bahari_Mikindani alijibu:

Nitaje. Picha za slaidi zije zikiwa zimeandikwa ukuzaji uliotumika na aina ya rangi, vinginevyo nitazirudisha.